Kanzu ya Kipimo cha Eliakim

Naguru, Kampala
6 Februari 2011

Baba Mkubwa Hezroni,

Habari za siku nyingi. Sisi huku tu wazima. Mama amestaafu polisi tangu mwezi wa kumi na mbili na sasa anawaamuru kuku. Wanamtii kuliko nilivyowahi kumtii mimi. Hajakusalimia, ila nilipomwambia nakuandikia alinyamaza badala ya kutoka nje, na kwa Mama hiyo ni karibu na salamu. Wewe je, goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe wa Oyugi ambaye Oketch aliniambia ameingia kanisani kwenu, alitoka?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulishasema simu ni ya vifo na mvua ya mawe. Hili si la kifo. Oketch anafunga duka lake la mabeseni hapa Kikuubo kesho kutwa, anakuja huko Kenya, na bahasha ataibeba yeye kama kawaida.

Bado niko pale studio. Siku hizi hatupigi picha sana, tunaunganisha. Mtu analeta picha ya harusi ambayo kaka yake hakufika, pamoja na picha ya huyo kaka ameegemea pikipiki. Mimi naondoa pikipiki, namvalisha kaka suti, namsimamisha nyuma ya bibi harusi. Wiki iliyopita niliunganisha ukoo wa watu kumi na wanne ambao, kwa maelezo ya mteja, hawajawahi kukaa chumba kimoja bila kugombana. Kwenye picha wanapendeza.

Sasa kuna mwalimu wa sanaa, Bi Adong, anayetufundisha jioni za Jumanne. Anaandaa maonyesho mwezi wa kumi. Kila mmoja wetu atengeneze picha yake mwenyewe kwa kompyuta, ya vipande vipande, anaiita kolaji. Uso wako uwe mkubwa, na ndani yake uweke ukoo wako, dini yako, na chochote kinachokufanya uwe wewe na si jirani yako. Nilimwuliza mtu mwenye dini mbili afanyeje. Akasema hapo ndipo picha inapoanzia. Ni rahisi kwake kusema, maana yeye ni Mkatoliki kwa baba na kwa mama.

Nimeanza. Shavu la kulia ni kofia ya polisi ya Mama. Shavu la kushoto ni mswala wa babu Kamis, Mungu amrehemu, ule uliochakaa penye magoti. Kidevu ni bati la yale masanduku ya shule mliyokuwa mkiyagonga Katwe, wewe na Baba. Na katikati ya macho nimemweka Baba mwenyewe. Nimemkata kutoka ile picha ya harusi ya ukutani, na kanzu yake na kofia, kwa sababu ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo. Unajua mimi simkumbuki, alikufa sijatimiza miaka miwili. Nilichonacho ni uso huo, na nimeusalimia kila asubuhi tangu nijue kusema.

Upande wa Bungoma sina kitu. Naomba picha ya nyumbani, ya kanisa, ya bibi, ya Baba akiwa mdogo kama ipo. Na yako. Tumeandikiana tangu niko shule ya msingi na sijawahi kukuona hata kwenye karatasi. Nakutumia nakala ya nilipofikia. Niambie kosa liko wapi.

Mwanao,
Nakhisa (Zaituni, Mama akiwa karibu)


Bungoma
27 Machi 2011

Kwa binti yetu Nakhisa,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yote ya Naguru, pamoja na kuku.

Barua yako ya tarehe 6 Februari niliipokea tarehe 19 Februari mkononi mwa Oketch. Nimechelewa kujibu. Mvua imekuja, mahindi yamepandwa, goti liko vile vile. Ng'ombe wa Oyugi alitoka kanisani kwa hiari yake baada ya tangazo la pili. Unajua sisi wa kanisa la Friends tuna muda wa kukaa kimya katika ibada, na ng'ombe huyo alikaa kimya kuliko baadhi ya wazee. Mimi kama karani wa mkutano wa kanisa niliandika kwamba aliingia saa nne na akatoka saa tano kasorobo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nafurahi kuona Kiswahili chako kimepona. Zamani kilikuwa cha kambi ya polisi kabisa.

Picha yako nimeitazama. Kofia ya polisi imekaa vizuri. Mswala wa mzee Kamis naukumbuka. Bati uliloweka ni jembamba, sisi tulitumia nene. Masikio umeyafanya makubwa mno, isipokuwa kama ndivyo yalivyo. Pale katikati ya macho pamejaa. Ningeomba uweke kitu kingine.

Naambatanisha picha nne: kanisa upande wa mlango, kaburi la bibi yako, ghala la mahindi, na ng'ombe wa Oyugi. Huyo ng'ombe angefaa pale katikati. Picha ya Eliakim akiwa mdogo hakuna, wapiga picha hawakuwa wakifika kwetu. Yangu haikupatikana wakati wa kufunga bahasha.

Nakuombea kila Jumapili, kama mtoto wa nyumba hii.

Baba yako mkubwa,
Hezroni Sifuna


Naguru, Kampala
20 Aprili 2011

Baba Mkubwa,

Pole na goti. Sisi wazima, na kuku sasa ni tisa. Asante kwa picha. Bi Adong amempenda ng'ombe kupita kiasi, anasema ana utulivu. Nimemweka kwenye sikio, maana ulisema ni makubwa. Ndivyo yalivyo.

Kutoka katikati Baba hatoki. Lakini nilipomkuza kwenye kioo cha kompyuta, mara nne ya ukubwa wake, niliona mambo mawili. La kwanza, kanzu ni fupi. Mikono imeishia juu ya vifundo na shingo imembana mpaka anaonekana kama mtu anayehojiwa. Bwana harusi gani huyo? Mteja angeniletea kanzu ya namna hiyo ningeirefusha bila kuulizwa. La pili, nyusi ya kushoto imekatika katikati, kama kovu. Nilimwuliza Mama Baba aliumia wapi, akatoka kwenda kuhesabu kuku. Nimekuambia ni tisa. Alikaa huko nusu saa.

Sasa nina shida, na wewe ndiye wa kuimaliza. Kila kipande kinatakiwa kiwe na maelezo ya mstari mmoja. Cha Baba nimeandika hivi: "Baba yangu, Eliakim Sifuna, siku aliposilimu na kumwoa mama yangu, Naguru, 19 Desemba 1987." Wewe ni karani, unapenda mambo yawe sahihi. Nithibitishie.

Si mchezo kwangu, Baba Mkubwa. Mama ananiita Zaituni, Mwislamu mtoto wa Mwislamu. Wewe unaniombea kama mtoto wa Friends. Babu Kamis alikufa akisema Baba alikuwa mtu wa msikitini, na nyinyi mkamzika Bungoma kwa nyimbo za kanisa. Nataka kujua yeye mwenyewe alikuwa nani alipokufa. Nikilijua hilo nitajua pa kusimama, na picha itakaa yenyewe.

Na bado nangoja ya kwako.

Nakhisa


Bungoma
3 Julai 2011

Kwa binti yetu Nakhisa,

Amani kwenu. Barua yako niliipokea tarehe 2 Mei. Goti limezidi. Viwavi vimeingia kwenye mahindi na vimetoka.

Tarehe ni sahihi. Mahali ni sahihi. Kuhusu kanzu, ilishonwa kwa kipimo cha Eliakim, fundi hakukosea. Kuhusu kovu, ni bati, Katwe, mwaka 1985. Kuhusu yale maelezo ya mstari mmoja, naomba usiyaandike bado. Nasema bado.

Mpiga picha alikuja kwenye harambee ya paa la kanisa mwezi uliopita na akapiga watu wote. Mimi nilikuwa chooni.

Hezroni Sifuna


Naguru, Kampala
24 Julai 2011

Baba Mkubwa,

Mama mzima. Kuku ni wanane, mmoja tulimla siku Oketch alipoleta barua yako.

Alikaa akala vizuri, na katika kula akasema kumbe na yeye alikuwa kwenye harambee ya paa. Ana simu mpya. Akanionyesha viti, akina mama, masufuria, na nyuma kabisa mzee mmoja mrefu mwenye ndevu nyeupe anatoka chooni, anachungulia kwanza. Oketch akasema huyo ndiye Hezroni, alijifungia mle tangu mpiga picha afike, watu wakadhani ni tumbo. Nikamwomba anitumie hiyo picha.

Kazi yangu ni nyuso. Nilikata uso wako, nikaondoa ndevu, nikapunguza miaka, nikauweka juu ya ule wa ukutani. Macho yalikaa juu ya macho. Kovu likakaa juu ya kovu. Chai yangu ilipoa, nikainywa hivyo hivyo.

Ni wewe uliyesimama na Mama.

Nimerudia kusoma barua zako. Hujasema uongo hata mahali pamoja. Umenizungusha tu kwa ukweli mtupu, miezi mitano, kama mtu anayemzungusha mgeni asione jikoni. Nimekasirika, na naliandika neno hilo usije ukadhani ni mwandiko wangu tu umeharibika.

Wewe ni baba yangu? Jibu ndiyo au hapana kwanza. Goti baadaye.

Nakhisa


Bungoma
7 Agosti 2011

Nakhisa,

Hapana. Baba yako ni Eliakim. Goti liko vile vile.

Sasa nitaandika kwa mpangilio. Eliakim na mimi tulikuwa na kibanda Katwe, tunagonga masanduku ya bati ya watoto wa shule. Mwaka 1987 mama yako alikuja kumnunulia mdogo wake sanduku. Alikuwa amevaa sare, na Eliakim alidhani amekuja kumkamata. Alirudi mara tatu kulalamikia kufuli ambayo haikuwa na kasoro. Mara ya tatu nilikwenda kunywa chai, nikawaacha.

Mzee Kamis alikubali ndoa kwa sharti moja, kwamba Eliakim asilimu siku ya harusi mbele ya wageni. Eliakim hakukataa. Siku tano kabla ya harusi akaenda Bungoma kuwaambia wazazi wetu. Katikati ya wiki risasi zikaanza pale Busia kati ya Kenya na Uganda, na mpaka ukafungwa. Jumamosi ikafika. Wageni wako Naguru, pilau iko motoni, sheikh ametoka Bombo na hajawahi kumwona Eliakim kwa macho, wala wageni. Na mama yako Maimunah alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ambayo hesabu yake ni wewe. Kuahirisha hakukuwezekana.

Mzee Kamis alinivuta nyuma ya nyumba. Baadaye sana niliambiwa kwamba dini yao inamruhusu bwana harusi kuweka wakili, tena waziwazi, kwa jina lake. Lakini wakili hawezi kusilimu kwa niaba ya mtu, na mzee hakutaka wageni warudi makwao wakisema bwana harusi ni Mkristo, tena hayupo. Akaniambia, "Leo wewe ni Eliakim." Alikuwa sajenti wa polisi na mimi nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, lakini sisingizii hilo. Nilitaka kumsitiri ndugu yangu.

Nikavaa kanzu. Ilinibana. Sheikh akaniuliza jina, nikasema Eliakim Sifuna. Nikatoa shahada kwa jina hilo, nikaikubali ndoa kwa jina hilo, nikapigwa picha. Mama yako alikuwa na shela usoni na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Sisi Friends hatuapi. Tunafundishwa tangu utoto kwamba neno la mtu liwe lile lile kortini na jikoni. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikuwahi kujiita jina lisilo langu. Siku hiyo nilifanya hivyo mbele ya Mungu mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Eliakim alirudi tarehe 6 Januari. Nilimwambia ameshaoa na ameshasilimu. Akauliza kama pilau ilibaki. Alikaa na mama yako kama mume, na alimpenda, hilo nililiona. Ijumaa alikuwa akienda msikitini na mzee Kamis. Kama aliwahi kuyasema yale maneno kwa kinywa chake mwenyewe, sijui. Siwezi kuandika nisilolijua.

Ndiyo maana nilijificha chooni. Sina zaidi.

Hezroni


Naguru, Kampala
22 Agosti 2011

Baba Mkubwa,

Sisi wazima, kwa kiasi.

Nilimsomea Mama barua yako yote akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Nilipofika kwenye kufuli aliacha kuchambua kidogo, kisha akaendelea. Nikamwuliza kwa nini aliniacha nikiusalimia uso wako miaka yote hiyo. Akasema nilikuwa na miaka mitatu, nikaonyesha kidole ukutani nikasema baba, na yeye hakuwa na uso mwingine wa kunipa. Akaona mtoto amepata pa kuangalia, akanyamaza. Na kila mwaka ulivyopita, kusema kukawa kugumu zaidi.

Angefanya nini kingine? Lakini jana nililia pale studio mpaka mteja akaniomba radhi, alidhani ni kwa sababu ya picha yake. Nimeishi na baba mmoja tu maisha yangu yote, wa karatasi, na huyo naye amekuwa wa kuazima.

Halafu Mama akasema jambo ambalo sikulielewa. Alisema, "Sasa muulize alimchukuaje." Nikamwuliza nani, na kumchukua nani. Akasema wewe unajua, niandike hivyo hivyo.

Naandika hivyo hivyo. Ulimchukuaje?

Mtu wa katikati nimemwondoa. Sasa kati ya macho yangu kuna ng'ombe wa Oyugi, na Bi Adong anasema kazi yangu imekomaa. Mwisho wa kupeleka picha ni tarehe 14 Oktoba.

Nakhisa


Bungoma
25 Septemba 2011

Nakhisa,

Barua hii nimeiandika mara nne. Zile tatu za kwanza zilianza na goti, nikazichoma.

Machi 1990 Eliakim alishikwa na homa na akafa siku ya tatu, hospitalini, alfajiri. Mama yako alikuwa zamu. Mimi nilikuwa kando ya kitanda. Mzee Kamis akaja akasema ataoshwa na kuzikwa siku hiyo hiyo na Waislamu wenzake. Mimi nikamfikiria mama yetu Bungoma. Nikamwambia mzee Kamis pale mlangoni mwa chumba cha maiti, "Wewe unajua nani alisema yale maneno." Nikamwambia asipoondoka nitawaita watu, nitawaambia binti yake hakuolewa na marehemu bali na jina lake tu, na mtoto wao wampe jina wanalotaka.

Alinitazama. Angeweza kunitia ndani, alikuwa na pingu kiunoni. Akageuka akaenda. Nilimpakia ndugu yangu kwenye pikapu na kufika mpakani kabla mama yako hajatoka zamu. Nimesikia kwamba alipofika hospitali alikuta kitanda kimeshatandikwa.

Uongo tuliousema pamoja ili kumsitiri mama yako na wewe tumboni, niliutumia peke yangu kumnyang'anya maiti ya mumewe.

Haikuishia hapo. Nilikuwa tayari karani, maana nilikuwa nimeshahamia nyumbani na Katwe nilifika kwa kazi tu, kwa hiyo wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Watu wangeuliza mke yuko wapi na kwa nini hakuletwa. Niliandika katika kitabu cha mkutano na kuusoma kwa sauti mbele ya kaburi: "Hakuoa. Hakuacha mtoto." Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Tangu siku hiyo naandika saa na tarehe za kila kitu, hata ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Jumapili iliyopita, wakati wa kimya, nilisimama nikasema yote haya. Ilichukua muda. Oyugi aliuliza kama maana yake ni kwamba mimi ni Mwislamu tangu 1987. Nilimjibu sijui, maana niliyasema kwa jina la mtu ambaye saa hiyo alikuwa hapa Bungoma anakula mahindi ya kuchoma. Walikubaliana kwamba hilo litajadiliwa mkutano ujao. Ukarani wameniondolea, na ni haki. Lakini kabla sijakabidhi kitabu niliwaomba nisahihishe mstari mmoja, wakaniruhusu. Sasa unasema: "Aliacha mke, Maimunah binti Kamis, na mtoto, Nakhisa Zaituni."

Oketch amebeba bahasha ya pili. Ndani kuna picha ya Eliakim. Sikusema kwamba sina picha yake, nilisema sina ya utoto. Hii ni moja tu, ilipigwa siku ya mazishi kabla jeneza halijafungwa. Sikuituma kwa sababu ungeona kwamba yule wa ukutani si yeye, na kwa sababu hakuna binti anayepaswa kumwona baba yake mara ya kwanza akiwa hivyo. Usiifungue mbele ya mama yako.

Wewe nakuomba msamaha. Yeye sijui kama nina haki ya kumwomba.

Hezroni


Naguru, Kampala
9 Oktoba 2011

Baba Mkubwa,

Sote wazima. Kuku ni wanane bado.

Bahasha ilifunguliwa mbele ya Mama, kwa sababu Oketch alimpa yeye. Alimkuta mlangoni, akaona ni mkubwa wa nyumba. Nilipotoka ndani tayari alikuwa ameishika.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Picha za marehemu tunazipata kila wiki, watu wanataka wafunguliwe macho na wavalishwe vizuri, ni kazi ya dakika arobaini. Nilimwambia Mama nitamtoa Baba kwenye jeneza, nitamfungua macho, nitamvalisha kanzu inayomtosha, nitamsimamisha kando yake siku ya harusi, na Hezroni nitamfuta. Hata nywele zitakaa sawa, nikamwambia. Nilikuwa na hakika ndicho alichokuwa akikingoja miaka yote.

Akasema, "Usimguse."

Akaenda akatawadha. Akarudi akakaa chini kwenye mkeka na picha mapajani. Kwa Waislamu, kabla mtu hajazikwa, wenyewe huitwa wakamwangalie uso. Yeye hakuitwa. Alimwangalia kuanzia adhana ya alasiri mpaka ya magharibi, na katika muda wote huo alisema tu kwamba alikuwa amekonda. Baadaye akaniita nikae karibu. Akanishika pua, akaangalia picha, akanishika tena, kama anayekagua mzigo. Kisha akalia. Sijawahi kumwona afande Maimunah analia, na nikuambie, hakuwa na haraka. Nami nikalia. Nililia kwa sababu nilimtambua, Baba Mkubwa. Pua ni yangu, na masikio ni yale yale uliyosema ni makubwa. Nimekuwa nikimtafuta ukutani na nimemvaa usoni.

Picha hiyo haimo kwenye kolaji. Ni ya Mama. Katikati ya macho nimekurudisha wewe, na ng'ombe amerudi sikioni. Mikono ya kanzu sikuirefusha. Maelezo ya chini yanasema: "Baba yangu mkubwa, Hezroni Sifuna, akijibu kwa jina la baba yangu, Naguru, 19 Desemba 1987." Kuhusu dini ya Baba nimeandika kwamba mwenye kujua ni yeye na Mungu wake. Bi Adong amesema maelezo yamezidi mstari mmoja. Nikamwambia apunguze yeye, akasoma tena, akayaacha. Kazi niliipeleka juzi.

Mimi sijakusamehe bado. Nasema bado.

Mama alikuwa hataki kusomewa barua yako hii. Aliisoma mwenyewe kwa miwani, akarudia ule mstari uliousahihisha, akaufuata kwa kidole. Halafu akaniambia nishike kalamu. Naandika kama alivyosema, sikuongeza kitu:

"Mwambie nitafika Jumamosi ya tarehe 22, pamoja na Oketch. Nataka kuonyeshwa alipolala. Nitamwombea dua kwa sauti, majirani wasikie. Na siku hiyo Hezroni asimsemee mtu."

Nakhisa Zaituni